Panya wa Vangunu naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa wanyama naufuatilia ila kila siku ni tembo, faru, simba, basi leo naomba nafasi kidogo nimseme panya mmoja anaitwa vika. Yuko kisiwa cha Vangunu, Visiwa vya Solomon, na najua mtu akisikia panya anatafuta fagio, lakini huyu hana shida na jiko la mtu, maisha yake ni juu ya miti mirefu msituni, ana manyoya ya kahawia yenye uchungwachungwa, ukimpima na mkia wake anafika kama sentimita 46 na uzito kwenye nusu kilo mpaka kilo nzima.

Wenyeji wa Zaira, kijiji cha hapohapo Vangunu, walikuwa wanamjua kitambo tu. Walikuwa wanaokota kokwa za ngali, mti wa huko wenye kokwa za kuliwa, zimetobolewa tundu la duara, na ngali ganda lake si mchezo, watu wenyewe wanazipasua kwa jiwe. Mtafiti Tyrone Lavery kaanza kumsaka 2010, miaka ikapita hapati kitu, hadi Novemba 2015 wakata magogo wakaangusha mti mkubwa na panya akapatikana hapo kaumia, akafa, ndipo yeye na Hikuna Judge, mtu wa hapohapo Zaira, wakamwandika rasmi 2017. Yaani ili dunia imkubali ilibidi kwanza mti wake ukatwe!

Akiwa hai hakupigwa picha mpaka juzijuzi hapa. Walitega kamera msituni, chambo mafuta ya ufuta, wakapata picha 95 za panya wanne, matokeo yakatoka 2023 na magazeti dunia nzima yakashangilia "panya mkubwa, panya mkubwa" halafu basi, kimya.

Sasa hapo ndipo ninapogomba mimi. Msitu wa Zaira ndio umebaki wa kumbeba huyu mnyama, na kibali cha kuvuna magogo humo kimeshatolewa, watafiti wenyewe wamesema ukivunwa vika anaisha. Hilo mnaliweka mstari wa mwisho kabisa, wengine hamliweki, eti picha inatosha. Magogo ya Solomon mengi yanapakiwa melini mazimamazima yanaenda China, kwa hiyo mkimwandika tena tuambieni nani kasaini kibali na wanakijiji wa Zaira wanasemaje, urefu wa mkia tumeshaujua.

Msomaji wenu