Barua kwa mwanangu: usiiongeze kumbukumbu Dragon ya mjomba wako, bado

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ni joto la kaskazi tu linalotutaabisha. Uliponiambia kwenye simu kwamba umeshanunua chipu za kuifanya Dragon 32, ile kompyuta ya zamani ya mjomba wako, iwe na kumbukumbu ya kilobaiti 64 badala ya 32, na kwamba ukija Idd utaipeleka kwa fundi wa Mwembe Tayari azitie, nilikwambia ungoje. Nikaisikia sauti yako ilivyobadilika. Basi nimeona nikuandikie kwa kituo, maana mashine hii naipenda, na nimefurahi mno kuona nawe umeipenda.

Dragon ilitoka mwaka 1982 huko Wales. Dragon Data, kampuni iliyoitengeneza, ilianzishwa na Mettoy, wale wa vigari vya kuchezea vya Corgi. Kufikia 1984 ilikuwa imeshafilisika na mali yake ikauzwa kwa Wahispania. Ndiyo maana ukiwauliza watu kompyuta za wakati ule watakutajia Commodore na Spectrum, Dragon hawaijui. Mjomba wako, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, akainunua Uingereza kwa sababu mbili: vitufe vyake ni vya kweli, mtu akaandika bila kuumia vidole, na prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Motorola 6809E. Mimi niliyefundisha hesabu miaka yote ile sijaona prosesa ya rika lake iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Sasa hizo kilobaiti 64. Prosesa hiyo inafikia anwani 65,536 za kumbukumbu, ndizo hizo kilobaiti 64, haizidi hapo. Katika Dragon 32, nusu ya chini ni kumbukumbu unayoitumia wewe. Nusu ya juu imekaliwa na BASIC ya Microsoft, lugha ya kuandikia programu, iliyomo kwenye ROM, yaani chipu ya kusomwa tu, pamoja na nafasi ya katriji, kile kisanduku cha programu cha kuchomeka. Ukitia chipu zako, kumbukumbu mpya itakuwa kwenye anwani zilezile zinazokaliwa na ROM. Utawasha, utaandika PRINT MEM, amri ya kuuliza baiti zilizobaki, na itakujibu 24871, ileile inayojibu leo. Ili uifikie nusu hiyo mpya lazima uiamuru chipu ya SAM, inayoongoza kumbukumbu, iitoe ROM njiani, na ROM ikitoka BASIC nayo imetoka, ila uwe umeshainakili kwenye kumbukumbu kabla. Yanafanyika hayo, na yana raha yake kwa mtu anayeandika lugha ya mashine. Lakini wewe umeniambia unataka kujifunza BASIC na kucheza ile michezo ya kaseti, na kaseti zote alizoacha mjomba wako ni za Dragon 32.

Kama ni nafasi unayoitaka, andika PCLEAR 1. Dragon ikiwashwa hutenga kurasa nne za picha, kila ukurasa baiti 1,536. Ukibakisha mmoja, PRINT MEM inapanda hadi 29479. Hujatoa hata senti.

Najua utanitajia OS-9. Ni kweli, ni mfumo mzuri wa kuendesha kompyuta, kampuni ya Microware iliutunga kwa ajili ya prosesa hiihii, na uliweza kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa zinahangaika na moja. Lakini OS-9 haitaki kilobaiti 64 peke yake, inataka diski pia, na diski sisi hatuna. Ukitaka kuionja, weka programu ya XRoar kwenye laptopu yako, inaiga Dragon 32 na Dragon 64 zote mbili. Kaa nayo mpaka ujue kama unaihitaji kweli.

Halafu kuna bodi yenyewe. Juzi nimeifungua nikaitazama kwa taa. Ina chipu 16 za kumbukumbu za aina ya 4116, zimetiwa risasi moja kwa moja, hakuna soketi. Kila moja ina miguu 16, kwa hivyo ni mashimo 256 ya kuchomoa risasi kwenye bodi ya zamani iliyokaa karibu na bahari. Njia za shaba zikibanduka hapo, hakuna wa kutuuzia bodi nyingine. Isitoshe, 4116 hutaka umeme wa namna tatu: volti 12, volti 5, na volti 5 hasi. Zako za 4164 zinataka volti 5 peke yake. Tazama mguu wa 8: kwa 4116 ndio unaopokea volti 12. Fundi asipoikata njia hiyo na kuelekeza volti 5 hapo, chipu zako zitaungua siku ya kwanza. Fundi yule ni hodari wa simu, simkatai, lakini hii hajawahi kuishika.

Iko hali moja nitakayokubali. Chipu za 4116 hufa, hasa zile volti 5 hasi zikipotea. Siku zikianza kufa, na ikawa hatuna budi kuchomoa, hapo tuzitoe zote na tutie zako nane, zenye soketi safari hii. Lakini kuchomoa kumbukumbu nzima ili tupate nusu ambayo BASIC haiioni, hilo silikubali.

Pesa uliyoiweka, itumie kwenye umeme. Kapasita za bodi ya umeme zina zaidi ya miaka 40, na umeme wa hapa mtaani unavyopanda na kushuka unaujua. Zibadilishwe zote, kisha volti zipimwe kabla mashine haijawashwa tena. Meno ya katriji yameshika kutu ya chumvi, nitayasafisha mwenyewe kwa spiriti. Picha isikushughulishe, Dragon ina tundu la monita na televisheni ya ukumbini ina AV. Pesa ikibaki, nunua katriji mojawapo ya hizi zinazotengenezwa siku hizi, zinazobeba kadi ya SD. Hiyo nayo ni kuiongeza mashine, na siku ukiichoka unaichomoa, bodi haijaguswa.

Hata kabla ya hayo yote, kaseti. Mjomba wako aliandika programu ya kuwahesabia wavuvi siku za bamvu na za maji mafu kwa mwandamo wa mwezi, yote kwa herufi kubwa kwa kuwa Dragon haina ndogo. Haikula hata kilobaiti tano. Ipo kwenye kaseti moja tu, na unyevu wa huku hauzihurumii kaseti. Tuzinakili zote kwenye laptopu kama faili za sauti, baadaye simu yako yenyewe itaweza kuisomea Dragon kupitia waya wa kaseti.

Kwa hivyo ukija Idd njoo na kinasa kaseti kizima, changu kimekatika mkanda, na waya wa kukiunga na laptopu. Hizo chipu zifunge kwenye karatasi ya foili, uzilete. Usizirudishe dukani.

Mamako