Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbi za Mieleka za Melbourne

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na uchaguzi mtayasikia kwa mweka hazina na katibu. Mimi nitazungumzia kazi iliyobeba mwaka wetu: kukusanya historia ya kumbi za mieleka hapa Melbourne.

Festival Hall, pale Dudley Street, ndiyo iliyotushughulisha zaidi, na inastahili. Ukumbi wa awali ulijengwa na tajiri John Wren katika miaka ya 1910. Uliteketea kwa moto mapema 1955, ukajengwa upya mbio mbio kuwahi Olimpiki ya 1956. Hata hivyo, Olimpiki ilileta hapo ndondi na jimnastiki. Wanamieleka walipelekwa Royal Exhibition Building, jengo la mwaka 1880 ambamo Bunge la kwanza la Australia lilifunguliwa 1901. Chini ya kuba lile Gholamreza Takhti wa Iran alitwaa dhahabu ya mtindo huru, kilo 87. Tukiwatembeza wageni Carlton Gardens, bustani inayolizunguka jengo hilo, naomba tuwatajie Takhti pamoja na Bunge.

Festival Hall ilipata enzi yake kwa mieleka ya kulipwa. Mwaka 1964 Mmarekani Jim Barnett alianzisha World Championship Wrestling, kampuni ya kuandaa mieleka, na mapambano yakaonyeshwa kwenye televisheni ya Channel 9 hadi 1978. Mtu aliona ugomvi ukianza kwenye runinga, akakata tiketi akaone utakavyokwisha ulingoni. Wahamiaji wa Kigiriki walimfuata mwanamieleka Spiros Arion, Waitaliano wakamfuata mwenzake Mario Milano. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania tunaelewa vizuri maana ya mgeni kupata wa kumshangilia kwa lugha yake mwenyewe.

Mwanachama mmoja alituletea kijitabu cha ratiba ya usiku mmoja wa enzi hizo. Pembeni ya kila pambano mwenye nacho aliandika mshindi kwa penseli, na kwenye pambano la mwisho amekandamiza hadi karatasi imetoboka. Kwangu hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyopokea.

Baadaye mieleka ilihamia viwanjani: watu 56,734 kwenye uwanja wa Docklands mwaka 2002, na 70,309 kwenye uwanja wa kriketi wa MCG mwaka 2018. Ni umati mkubwa, lakini aliyekaa juu huko hutazama skrini. Festival Hall ilichukua maelfu machache tu, na jasho ulilionea karibu.

Mwaka huohuo wa 2018 wenye ukumbi walitaka kuubomoa wajenge maghorofa. Watu walipinga, ukaingizwa kwenye orodha ya urithi ya jimbo la Victoria, na 2020 ukanunuliwa na kanisa la Hillsong. Nafurahi kwamba bado umesimama.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba tiketi, mabango na picha, hata zilizochakaa. Katibu atavipiga picha na kuwarudishia wenyewe. Walio na wazee waliohudhuria enzi za Barnett, tafadhali tuunganisheni nao mapema, tuwarekodi wakiwa bado na nguvu za kusimulia.

Mwenyekiti