Mhariri, sio kila asiyetamani ameishiwa nguvu

Mhariri salaam, na poleni na kazi. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa mahusiano wa Jumapili iliyopita. Kuna kijana kauliza swali lake vizuri tu, kasema toka apevuke hajawahi kumtamani mwanamke wala mwanaume, mchumba anaye na anampenda kweli, wanaongea wanacheka, ila akifikiria mambo ya chumbani anajiona kama mtu aliyeshiba anayelazimishwa sahani nyingine, je ana shida gani? Mshauri wenu akamjibu mistari mitatu, kwamba nguvu za kiume zimemuishia atafute tiba haraka kabla mchumba hajachukuliwa, alafu chini yake pale pale tangazo la dawa ya nguvu za kiume na namba ya simu. Jamani!

Mi ni mwanaume, umri umeshasogea, na niko hivyo hivyo kama huyo kijana ndo maana nimeshindwa kunyamaza. Nguvu zipo. Mwili unaamka alfajiri kama wa mwanaume mwingine yeyote, hospitali nimepimwa sijakutwa na kitu. Ambacho sina ni ile hamu ya mtu, yani simuangalii mtu nikatamani kulala naye, na haijawahi kutokea hata enzi za sekondari wenzangu wanavyopigana vikumbo kwa ajili ya mabinti mimi nilikuwa naigiza tu nisichekwe. Watu wa namna hii wanaitwa asekshuali, na wanawake wako wengi pia sema wao wakisema hivyo wanaambiwa wana heshima, mpaka siku waolewe ndo balaa linaanza.

Na sio kitu kimeletwa na simu za juzi. Huko Marekani mwaka 1948 mtafiti wa mambo ya chumbani, Kinsey, alipokuwa anapanga watu kwa jinsi wanavyovutiwa alikutana na ambao hawaingii popote, akawawekea alama ya X. Mwaka 2004 profesa mmoja wa Kanada, Bogaert, alichukua majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza akakuta kama asilimia moja wanasema hawajawahi kuvutiwa kimwili na mtu yeyote. Ni Waingereza hao, sio watu wa Tanga, lakini na sisi huku si tunajuana, kila ukoo una mjomba ambaye hakuoa au shangazi aliyekataa posa zote na akaishi zake kwa amani. Na mimi nikisoma Qurani naona Sura ya Nur aya ya 31 inawataja wanaume wafuasi wasio na matamanio na wanawake, wanazuoni wamewaelezea kwa namna tofauti tofauti, ila kwamba wapo limetajwa. Wakristo nao wana Mathayo 19:12, matowashi waliozaliwa hivyo toka tumboni mwa mama zao.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza, sio ugonjwa? Hapa mshauri wenu ndo alitakiwa atulie, kwasababu kukosa hamu kunaweza kweli kuwa ugonjwa. Sukari, tezi ya shingo, sonona, baadhi ya dawa za presha na za sonona zenyewe, homoni kushuka, uchovu, ugomvi wa ndani, vyote hivyo vinaua hamu. Tofauti ni kwamba mara nyingi huyo mtu alikuwa nayo ikapotea na yeye mwenyewe inamuumiza. Asekshuali hajapoteza kitu maana hakikuwepo, na mara nyingi kinachomuumiza ni maneno ya watu. Hata kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, kimeandika kabisa kwamba mtu akijieleza kuwa ni asekshuali asipewe jina la ugonjwa wa kukosa hamu. Kwahiyo ilikuwa ni kumuuliza kijana maswali mawili tu, ilianza lini na inakuumiza wewe au inawaumiza wao, na kijana alishaandika kwamba ni toka apevuke!

Lingine, je ni shoga? Hapana, shoga anavutiwa na jinsia yake, huyu havutiwi na upande wowote, japo mtaani ukifika miaka fulani huna mwanamke hawakuachi, wanakuangalia kwa jicho hilo. Ni kama padri basi? Padri na mtawa wameweka nadhiri, hamu anaweza kuwa nayo akaizuia, hapa hakuna cha kuzuia. Wapo pia ambao hamu inakuja baada ya kuzoeana sana na mtu mmoja, hao nao wana jina lao, demisekshuali. Na kupenda wengi wanapenda, wanaona wivu, wanalia wakiachwa, wengine hawataki hata mapenzi yenyewe wanataka marafiki na shughuli zao, wote wapo. Kuna wanaodai lazima ulifanyiwa vibaya utotoni. Aliyefanyiwa hivyo asaidiwe, lakini msimtungie mtu kidonda ambacho hana.

Kinachonikera zaidi ni tiba. Mimi vijana wa kijiweni walinichangia hela ya vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume, wakanikorogea kwenye chai bila kuniambia, moyo ulikimbia usiku kucha nikadhani nakufa, na kutamani sikutamani mtu. Dada zetu wanapelekwa kwa mganga kutolewa jini mahaba, eti ameolewa usingizini na jini lenye wivu, anafukizwa ubani, ananyweshwa kombe, wengine kanisani wanakemewa mume wa kiroho mpaka sauti zinakauka. Alafu kuna familia zinamtafutia kijana mwanamke "amfundishe", au zinamuoza binti haraka haraka atazoea. Huko sio kufundisha, ni kumlazimisha mtu kitu asichokitaka, tuache kutafuna maneno.

Upande wa ndoa sitawadanganya, ni pagumu. Mwenzio naye ana haki zake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kubatilisha ndoa kama tendo la ndoa halijawahi kufanyika kwasababu mmoja hawezi au anakataa kwa makusudi. Wapo wanandoa wanaoelewana, wengine wanakubali kwa ajili ya kupata watoto maana mwili hauna tatizo, wengine wanakutana wote wawili wako hivyo hivyo na wanaishi raha mustarehe. Wengine wanashindwana. Kinachoharibu ni mtu kuficha alafu mwenzake akae mwaka mzima anajiangalia kwenye kioo akijiuliza ana kasoro gani.

Kwahiyo kijana, kama gazeti hili bado unalinunua, nenda kapime sukari na hiyo tezi kwa usalama wako, hiyo namba ya kwenye tangazo usiipigie, na mchumba wako mweleze kama ulivyotueleza sisi, kabla wazee hawajapeleka posa. Akikwambia anahitaji muda wa kufikiria mpe, na akikataa usimlaumu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga (jina mnalo, naomba msilitoe)