Stika yenu ya bei imeziba kilichomo ndani

Fuoni, Unguja

Kwa Meneja wa Duka,

Assalaam alaykum.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VYAKULA VYA KIASIA VYA KUPASHA MOTO

Mimi ni mwalimu wa skuli, mkondo wa mchana. Daladala hunifikisha nyumbani adhana ya Magharibi imeshatoka, na hapo wananingoja watoto watatu pamoja na mkwe wangu, mama yake mume wangu. Wote wana njaa. Binti yangu mkubwa naye, kwa hizo tamthilia za Kikorea, haishi kuniuliza chakula cha kule kikoje. Ndiyo maana Ijumaa iliyopita nikasimama mbele ya friza yenu iliyoandikwa "Vyakula vya Asia", yenye kibao cha kijani juu yake: HALALI.

Nilichukua wali na mchuzi wa kijani wa kuku wa Kithai kwa shilingi 16,500, kuku wa teriyaki wa Kijapani kwa 17,000, na mandu za Kikorea, yaani vifurushi vidogo vya unga vilivyojazwa mboga, kwa 13,000. Kwenye rafu ya pembeni nikachukua mfuko wa dal makhani ya Kihindi kwa 6,500. Jumla 53,000. Risiti ninayo, na kivuli chake nimeambatanisha.

Niseme la haki kwanza. Dal ilikuwa nzuri. Choroko nyeusi na maharage vimelainika, siagi inasikika, na haikuhitaji friza wala umeme, kwa sababu mifuko ya namna hiyo hufungwa kisha ikapikwa kwa moto mkali pamoja na chakula chake. Kule Japani mchuzi wa mfuko wameanza kuuziwa tangu mwaka 1968. Niliitumbukiza kwenye maji yanayochemka, basi. Mandu nazo nilizipika kwa mvuke juu ya sufuria, maana sina maikrowevu, na watoto hawakungoja sahani. Hivi viwili sina neno navyo.

Mchuzi wa kijani ndio ulionitia shaka, na shaka ilianza kabla sijauonja. Nilipofungua boksi, mchuzi wote umegandia upande mmoja wa trei, kama kisahani kilichoinamishwa, na upande wa pili ni wali mtupu uliofunikwa na chenga za barafu. Sasa niambieni: mchuzi ulioganda kiwandani trei ikiwa imelala, umehamaje? Hauhami mpaka uyeyuke. Umeyeyuka, boksi likasimamishwa wima kwenye friza yenu, kisha ukaganda tena. Boksi lenyewe limeandikwa lihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku ya pili nilirudi kuangalia kipimo cha friza yenu. Kilisoma nyuzi 6 chini ya sifuri, na mlango wake haufungi sawasawa, picha ninazo.

Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa friza iliyozimika inafanya nini. Tulikaa bila ya umeme kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, na kila nyumba ikajifunza kwa samaki wake. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Vikipata joto vinaamka na kuendelea na shughuli zao. Umeme ukikatika si kosa lenu. Kosa ni kukigandisha tena kitu kilichokwisha yeyuka na kukiuza kwa bei ile ile.

Nilimweleza kijana wenu wa kaunta. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo ndiyo ladha yao Wathai, nyinyi hamjaizoea."

Hatujaizoea! Mchuzi wenyewe ni tui la nazi, mchaichai, pilipili mbichi, ndimu. Mchaichai umeota nyuma ya nyumba yangu. Tui nalikuna na kulikamua mwenyewe, na tui lililovunda nalijua harufu yake nikiwa bado mlangoni. Hata ile sosi yao ya samaki haikunishtua. Ni dagaa waliovundikwa kwa chumvi mpaka wakatoa maji, na sisi kisiwa chetu ni cha dagaa. Biriani, sambusa, bajia na urojo vyote vina ujamaa na Asia, hatukungoja boksi. (Kwa hakika kama mnataka kutuuzia mchuzi wa Thailand, leteni massaman, wenye asili kwa Waislamu wa huko. Unatiwa mdalasini, iliki na karafuu. Hapo ndipo mtatuona tunapanga foleni.) Sikuula mchuzi ule, nimeumwaga, na paka wa jirani aliunusa akaondoka.

Lakini barua hii nisingeiandika kwa sababu ya mchuzi tu. Nimeiandika kwa sababu ya teriyaki.

Teriyaki tuliila. Ilikuwa tamu, inang'ara, watoto wanalamba vidole. Mkwe wangu, ambaye katika miaka kumi na miwili hajapata kusifu kitu kilichotoka jikoni kwangu, alisema, "Huu mchuzi una utamu wa namna yake," akaomba kuongezwa. Nilifurahi. Nikaenda kulichukua boksi nisome kimetiwa nini, ili siku nyingine nijaribu kupika mwenyewe.

Orodha ya vilivyomo haionekani. Juu yake mmebandika stika yenu ya bei, pana kama kiganja. Ubavu wa kulia wa boksi upo wazi, mgongo upo wazi, nafasi imejaa tele, stika imekwenda kukaa pale pale. Niliilowesha maji ya moto nikaibandua kwa ukucha, taratibu. Chini yake: kuku, soya, sukari, mirin, sake.

Mirin ni mvinyo mtamu wa mchele. Ile halisi ina kileo cha kiasi cha asilimia 14. Ipo ya kuigiza yenye kileo kidogo mno, chini ya asilimia 1, nami nilitaka niwadhanie vizuri, lakini sake haina tafsiri mbili. Ni pombe ya mchele. Boksi zima halina alama yoyote ya halali. Alama ipo kwenye kibao chenu tu.

Wenye kiwanda sina ugomvi nao. Wao wameandika kila kitu, na Kiingereza chao kinasomeka. Walioziba maandishi ni nyinyi, na waliotundika kibao juu ya friza yote, bila kusoma boksi moja moja, ni nyinyi pia. Nimerudi nikaangalia maboksi mengine kumi na moja. Tisa stika imekaa juu ya vilivyomo. Sitaki kusema mmekusudia. Nadhani kijana anabandika popote mkono unapofika. Ila mnunuzi wa hapa akitazama boksi geni, hicho ndicho kitu cha kwanza anachokitafuta, na ndicho mlichokifunika.

Nataka kurejeshewa shilingi 33,500 za mchuzi na teriyaki. Kibao kishushwe leo, siyo mwisho wa mwezi, na neno halali libaki kwa bidhaa iliyothibitishwa yenyewe. Stika zihamishiwe ubavuni. Friza itengenezwe, na vyote vilivyoyeyuka vitolewe, msivipunguzie bei. Nangoja jibu lenu la maandishi kwa siku kumi na nne. Zikipita, nitapeleka barua hii na picha zake kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Mkitaka kunipigia simu, pigeni baina ya saa nane na saa kumi mchana, nikiwa skuli. Asubuhi simu yangu huipokea mkwe wangu, na habari ya sake bado sijamwambia. Jana ameniuliza ule mchuzi nitaupika tena lini.

Wassalaam,

Mteja wenu, mwalimu wa Fuoni