Kwako mdogo wangu, mama ni wa sote

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako dada wengi huko Lamu, Langoni hadi Mkomani, watakaojiona humu. Jina lako nimelisitiri.

Unaamka kabla ya adhana ya alfajiri kumgeuza mama kitandani. Kisha uji, watoto, darasa lako. Ukirudi simu imejaa: mchango wa arusi, mgonjwa wa kutazamwa Shela, nani atapika hitima. Hukatai hata moja. Usiku usingizi haupatikani, moyo unakwenda mbio, shingo imekaza, na mtoto akimwaga maji tu unamfokea, kisha unajifungia chooni ulie. Wako waliosema ni kijicho. Wako waliosema imani yako imepungua, na hilo limeniuma sana, maana si kweli.

Mwili ukihisi hatari hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, misuli hukaza, tumbo huchelewa kusaga chakula. Yote hayo ni ya dharura ya muda mfupi. Wewe dharura moja haijaisha, nyingine imebisha hodi, basi mwili umebaki macho hata ukilala. Kuambiwa "jikaze" hakuutulizi.

Moyo ukikwenda mbio, toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika chache tu. Utapunguza kasi. Chai ya usiku iache, kwani muda wa saa 5 hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini yake ingali mwilini. Lakini sitaki ufundishwe kupumua vizuri chini ya mzigo uleule.

Mji wenu una kliniki ya punda tangu 1987, na kila mwenye punda anajua mgongo uliochubuka hautapona shogi likiendelea kuwekwa juu yake. Wewe nani amekuteremshia mzigo?

Kaka zetu wapo hapohapo mjini. Baada ya isha wako barazani. Najua watasema kumuosha mama ni kazi ya wanawake, na stara ya mama naiheshimu. Lakini kukesha naye si aibu. Kwenda kumchukulia dawa si aibu. Kumlipa mama wa jirani aje asubuhi kukusaidia si aibu. Wagawane usiku, na pesa watoe kila mwezi bila kukumbushwa. Maneno haya nitawaambia mimi, wewe usijibebeshe na hilo. Na hitima za watu, wapo wapishi wengine Lamu.

Kombe ulilopewa, maji yaliyooshewa aya za Qurani, kunywa, na dua tunakuombea sote. Na hospitali uende. Ikiwa huzuni imekaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na mambo uliyoyapenda hayakupi raha tena, mwambie daktari wa hospitali ya King Fahd hapo Lamu hivyo hivyo, usimtajie kichwa na usingizi pekee. Likikujia wazo kwamba bora usingekuwepo, usingoje asubuhi: mwamshe mtu akupeleke, nami nipigie saa yoyote.

Likizo ya Agosti watoto watakuja kwangu Malindi. Nitawafuata mwenyewe, nitavuka kutoka Mokowe siku moja kabla, na usiku huo nitalala na mama. Simu yako utanipa mimi. Wewe funga mlango wako ulale.

Dadako