Mawakala wa tiketi, tuambieni na habari ya kadi ya njano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaseme mawakala wa tiketi wa jiji hili. Sitawataja kwa jina, maana aliyeniponza mimi ni mmoja, lakini wanaotangaza safari kwa mtindo uleule ni wengi.

Mwaka jana watoto wetu walichangishana watupeleke mimi na baba yao Shelisheli, tukatimizie huko miaka 30 ya ndoa, tutembee ufukweni kama watu wa kwenye kalenda. Tangazo lilinifikia kwenye simu: bahari, mawe makubwa ya kijivu, bei kwa herufi nene, na chini yake maneno mawili, BILA VIZA. Nikaenda mwenyewe hadi ofisini kwao, ghorofani kule Posta. Nikamwuliza kijana, "Mwanangu, tubebe nini?" Akanijibu macho yakiwa kwenye kompyuta, "Pasipoti tu, mama. Shelisheli hawamdai mtu viza."

Hapo kwenye viza hakusema uongo. Shelisheli haidai viza kwa raia wa taifa lolote. Inachotaka ni kibali cha safari, kinachoombwa mtandaoni kwenye mfumo wa serikali yao kabla hujapanda ndege, tena cha kulipia. Humo unaweka pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Ukishatua, unaweza kuulizwa kama una fedha za kukutosha siku zote utakazokaa. Yote hayo kwa kijana wetu ndiyo "pasipoti tu".

Siku ya safari tulifika uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu, saa saba mchana, baba watoto kavaa kofia mpya ya ukili. Binti wa kaunta alikuwa na adabu zake. Aliposikia hatuna kibali, akatuelekeza, tukakijaza palepale, mimi nabonyeza simu, mwenzangu ananisomea namba za pasipoti mojamoja, foleni inaguna nyuma yetu. Kikakubali. Tukapumua. Ndipo akauliza, "Na kadi za njano?"

Hapa naomba msomaji anifuatilie vizuri, maana wengi hawalijui. Kwa Shirika la Afya Duniani, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya kuambukiza homa ya manjano. Kenya imo. Na msafiri anayengoja ndege zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi iliyomo, Shelisheli wanamdai cheti cha chanjo, ndiyo hiyo kadi ya njano, kana kwamba ametokea huko. Sasa tiketi yetu ilikuwa ya bei nafuu kwa sababu hiyohiyo: tunatua Nairobi saa kumi na mbili jioni, tunalala kwenye viti, tunaondoka saa mbili asubuhi. Saa 14. Tungepewa ndege ya kuunganisha mapema kidogo, wala kadi isingeulizwa.

Mimi ya kwangu ilikuwepo kwenye mkoba. Niliipata mwaka 2012, enzi zile nafuata vitenge Lomé. Imekunjwa mpaka mikunjo imechanika, na mwisho wake imeandikwa 2022. Binti akasita. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaitazama, akasema bado ni halali: tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabika ya maisha, hata kwa kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Lakini baba watoto hajawahi kuchanjwa. Na hata tungekimbilia Mnazi Mmoja saa ileile akachomwa sindano, cheti huanza kutambulika baada ya siku kumi.

Baba watoto akaniambia, "Wewe nenda." Niende nikasherehekee ndoa peke yangu?

Tukarudi Tabata na mabegi yetu. Siku mbili tulijifungia ndani, taa ya barazani tumeizima, maana mtaa mzima ulishatuaga, na jirani mmoja alishaniagiza ile nazi ya Shelisheli yenye umbo la kutia haya. (Nayo, nilikuja kujua, huitoi kule bila kibali chake.)

Sina ugomvi na watu wa kaunta. Shirika la ndege likimpeleka abiria asiye na nyaraka, hutozwa faini na kumrudisha alikotoka, kwa hiyo lazima wakaze. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia. Yeye ndiye aliyeiona ile saa 14 kwenye kompyuta yake kabla yangu. Tulilipa faini ya kubadili tarehe, na nilipompigia akaniambia nyaraka ni jukumu la abiria. Sawa, ni jukumu langu. Si ndiyo maana nilipanda ngazi nikaja kuuliza?

Tazama wenzetu hapo ng'ambo. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa Ulaya hatui Zanzibar bila bima ya serikali ya Zanzibar, dola 44, na wanaouza safari kule walilitangaza mpaka Mzungu akawa analijua kabla hajafunga begi. Sisi wa Dar tumezoea kuvuka kwa boti na kitambulisho mkononi, kisiwa kwetu ni kama kwenda kwa shangazi. Kwa mazoea hayo tunadhani na Morisi na Shelisheli ni hivyohivyo, na muuza tiketi anatuacha tudhani.

Kuna na mengine yanayofichwa kwenye neno "pasipoti tu". Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2018 na hudumu miaka kumi, kwa hiyo waliowahi foleni ya mwanzo zao zinaisha 2028. Na nchi nyingi hutaka ibaki angalau miezi sita. Halafu majina. Mimi kwenye pasipoti ni Hadija. Kijana aliniandikia Khadija kwenye tiketi, kwa heshima nadhani, na nisingeiona ile K mapema ningekwamia pia hapo.

Ninachoomba ni kidogo. Pale walipoandika bei, kwa herufi zilezile nene, waandike: kibali cha kuingia, saa za kusubiri njiani, chanjo na siku zake, mwisho wa pasipoti. Mistari minne haiwezi kuharibu picha ya bahari.

Tulikwenda hatimaye, wiki tano baadaye. Kadi ya baba watoto sasa inakaa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kiwanja. Yule kijana aliahidi kunipigia kuhusu ile faini. Simu yangu iko hewani.

Mama Hadija,
Tabata, Dar es Salaam