Kuhusu Jo na kijiji chake

Sahibu yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba nyote nyumbani hamjambo. Unaniambia kwamba ulipomaliza kuitazama filamu ya Supa Modo ulikasirika, kwa kuwa uliona kijiji kizima kikimdanganya Jo, yule mtoto mgonjwa, nawe unataka kujua nilivutiwa na nini hata nikakusisitizia uitafute. Nimekaa na swali lako siku kadhaa, maana naipenda filamu hiyo kuliko zote nilizowahi kuziona, na sikutaka kukujibu kwa pupa.

Likarion Wainaina aliitoa mwaka 2018, na ina dakika 74 tu, lakini humo ndani mna ugomvi mzito kati ya mama na binti yake mkubwa. Mama ni mkunga, mwanamke aliyezoea kupokea watoto wa wenzake, na sasa anamrudisha wake nyumbani akijua hakuna tiba iliyobaki. Anachotaka ni Jo alale, apumzike, asichoke. Mwix, dada mtu, haoni maana ya kumfungia ndani mtoto aliyebakiza siku chache, na ndiye anayewashawishi majirani waigize ili Jo ajione shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mimi simlaumu yeyote kati yao, na hapo ndipo filamu iliponishika. Tena Jo anajua wazi kwamba anakufa. Hakuna aliyemficha jambo hilo kubwa. Kwa hiyo ninachokiona mimi ni watu wazima wanaoacha shughuli zao ili wacheze na mtoto mchezo anaoupenda, na hilo siwezi kuliita udanganyifu.

Pale mwishoni, Jo akiwa ameshazikwa na wanakijiji wamekusanyika kuitazama filamu waliyoitengeneza pamoja naye, nililia bila kujizuia.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 niliipenda pia, ingawa si kwa kiasi hicho. Mwas, kijana anayeota kuwa mwigizaji, anauza filamu kijijini kwa kuwaigizia wateja vipande vyake, na furaha ile ya mwanzo inanigusa kuliko bunduki zote zinazofuata akishafika mjini.

Kuhusu filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, hapo tunatofautiana kwa namna nyingine. Wewe unasema inakwenda taratibu mno na kwamba riwaya ya Adam Shafi tuliyoichambua kidato cha tano imepunguzwa. Imepunguzwa, nakubali, nami nilitamani kumwona zaidi Mwajuma, yule rafiki wa Yasmin. Lakini mwendo ule wa taratibu unanipa nafasi ya kuutazama usiku wa Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro vyake na taa zake hafifu, na kumsikiliza Yasmin, mhusika mkuu, akinyamaza, jambo ambalo kitabu hakikuweza kunipa. Kiswahili chao nacho ni cha wenyewe, hakikunikwaza hata mara moja.

Nakuomba uirudie Supa Modo utakapopata jioni tulivu, na safari hii umfuatilie mama peke yake, uso wake na mikono yake, tangu siku anapomleta Jo nyumbani. Kisha uniandikie kama bado una hasira, na kama unazo, ni hasira juu ya nani.

Wasalimie wazee na watoto.

Wako akupendaye,
Sahibu yako wa Tanga